Kati ya Moto na Hamira

Wanaoisifu bia husifu shayiri na shamba ilikotoka, hopsi na harufu yake, ulaini wa maji, kisha huruka moja kwa moja hadi kwenye hamira. Yanayotokea katikati, tangu moto uzimwe chini ya sufuria hadi hamira imiminwe, hupewa sentensi mbili tatu tu. Muda wenyewe ni saa moja au mbili. Ndani yake maji ya kimea, yaani yale maji matamu yaliyotolewa kwenye nafaka iliyooteshwa na kuchemshwa pamoja na hopsi, hufanyiwa kazi tatu: hutuamishwa ili mashapo yajitenge, hupozwa, kisha hutiwa hewa. Vitabu vya ufundi huzipa kazi hizi sura tatu, na kila sura mtambo wake. Mimi naziona kuwa kazi moja. Kila hatua huyapunguzia maji hayo kitu ambacho hatua ya mbele inalazimika kukirudisha, na anayezitazama mbalimbali, awe mwenye kiwanda au mwenye sufuria moja uani, ataharibu bia asijue aliiharibia wapi.

Tuanze na mashapo. Kuchemsha kwa saa moja au zaidi huigandisha protini ya shayiri. Ikishikana na tanini za maganda na za hopsi, huwa mabonge madogo yanayoelea pamoja na masalia ya hopsi zenyewe. Mwaka 1960 Henry Ranulph Hudston wa kiwanda cha Molson nchini Kanada alileta njia ya kuyatenga ambayo tangu hapo imeenea dunia nzima. Maji ya moto huingizwa kwa ubavuni katika tangi la duara ili yazunguke, kisha huachwa kwa dakika 20 au 30. Mtu angetazamia mashapo yatupwe pembeni, lakini hukusanyika katikati ya sakafu yakajijenga kichuguu, na maji safi yakafunguliwa kutoka ubavuni. Kila anayekoroga chai ya majani ameliona jambo hilo hilo kikombeni. Albert Einstein alieleza sababu yake mwaka 1926, alipokuwa akitafuta kwa nini mito hupindapinda: maji yaliyo karibu na sakafu hucheleweshwa na msuguano, hivyo hayana tena kasi ya kuyasukuma nje, na shinikizo la maji ya pembeni huyarudisha katikati pamoja na kila kizito kilichomo. Tangi lisilo na chujio wala panga linachuja kwa kuachwa litulie. Nauhesabu huu kuwa miongoni mwa uvumbuzi wenye adabu kuliko wote katika ufundi wa bia, maana hauongezi kitu na haulazimishi kitu.

Kuna msaada mwingine unaotoka baharini. Dakika 10 au 15 kabla ya moto kuzimwa, wengi hutia kiasi kidogo cha karagini, ute unaotolewa kwenye mwani mwekundu. Chaji yake ni hasi, protini nyingi zilizobaki zina sehemu zenye chaji chanya, basi huvutana, na maji yanapopoa mabonge hukua na kuzama. Watengeneza bia wa Ulaya walizoea mwani wa miamba ya Bahari ya Atlantiki. Siku hizi karagini nyingi hutokana na mwani unaolimwa katika bahari za joto, na pwani ya mashariki ya Unguja, kule Paje na Jambiani, iliingia katika kilimo hicho cha kibiashara mwaka 1989, baada ya utafiti wa miaka mingi ulioongozwa na Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakulima wake wengi ni wanawake. Hulima aina mbili, spinosamu iliyo stahimilivu na kotonii yenye bei nzuri zaidi. Karagini inayofaa hasa kwa maji ya kimea ni ile iitwayo kapa, nayo hutoka kwenye kotonii. Na kotonii ndiyo inayokufa kadiri maji ya pwani yanavyozidi kupata joto. Mama wa Jambiani ambaye dini yake inamkataza kutia pombe kinywani ana sehemu katika bilauri iliyo angavu huko mbali, na hasara inayompata baharini haifai kuchukuliwa kuwa yake peke yake.

Je, maji ya kimea yanayozidi kuwa angavu yanazidi kuwa mazuri? Hapa ndipo hoja inapoanzia. Mashapo hubeba sehemu kubwa ya mafuta ya shayiri, na madini kama zinki. Mafuta hayo yakibaki kwa wingi huvunja povu, na bia ikikaa ghalani hupata ladha ya kuchakaa. Ipo sababu njema ya kuyaondoa. Lakini hamira inayahitaji mafuta. Mwaka 1953 na 1954 watafiti Andreasen na Stier walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba hamira iliyonyimwa oksijeni kabisa haiwezi kuendelea kuzaana, ila ipewe steroli na asidi za mafuta zisizoshiba. Vitu hivyo viwili hujenga utando wa seli. Kila seli inapojigawa, mama humgawia mtoto nusu ya alivyo navyo, na baada ya vizazi vichache akiba huisha, utando hudhoofika, seli hushindwa kustahimili pombe inayoitengeneza yenyewe, na sukari hubaki haijaliwa. Hamira inaweza kuvipata kwa njia mbili tu: ivikute tayari katika maji, au ivitengeneze yenyewe, na haiwezi kuvitengeneza bila oksijeni. Basi anayeondoa mashapo ameiondolea hamira njia ya kwanza na kuiacha na ya pili. Kadiri maji yanavyokuwa angavu ndivyo yanavyodai hewa.

Na hewa haiwezi kutiwa wakati maji yana moto. Maji yanayochemka hayashiki oksijeni karibu hata chembe, na ile kidogo inayoyagusa yakiwa na joto kali hukimbilia kuungana na tanini na vinginevyo, ikayatia weusi, badala ya kuingoja hamira. Wapo wanaobishana kama madhara ya hewa ya wakati huo hufika kweli kwenye ladha ya bia iliyokwisha iva, na ubishi wao una msingi; lakini hakuna anayedai kwamba hewa hiyo humsaidia mtu. Kupoza ndiko kunakofungua mlango. Maji matupu yenye nyuzi 30 za Selsiasi yakikutana na hewa hubeba kiasi cha miligramu 7.6 za oksijeni kwa lita. Kwa nyuzi 20 hubeba 9.1, kwa nyuzi 10 hubeba zaidi ya 11. Maji ya kimea, kwa kuwa yamejaa sukari, hubeba pungufu ya hapo, na kiasi cha miligramu 8 ndicho ambacho hewa ya kawaida inaweza kukitoa.

Zamani kazi hizi zilifanywa katika chombo kimoja, na huo ni ushahidi ambao mitambo ya leo imetusahaulisha. Viwanda vya Ulaya vilimwaga maji ya moto kwenye sinia pana la shaba au chuma, lenye kina kidogo, darini penye madirisha, yakalala humo usiku kucha. Humo yalipoa, mashapo yakakaa chini, na uso wake mpana ukanywa hewa. Tatizo ni kwamba ulikunywa na vijidudu. Maji ya kimea yaliyochemshwa ni safi kabisa, lakini hayana kinga: yana sukari, yana chakula cha nitrojeni, hayana pombe, wala hayajawa na ukali wa asidi wa bia iliyoiva. Kati ya nyuzi 45 na 25 bakteria hustawi humo kuliko wakati wowote mwingine. Louis Pasteur aliingia na darubini yake katika kiwanda cha Whitbread mjini London mwaka 1871, akawaonyesha wenyeji viumbe wasiotakiwa ndani ya hamira yao, na kitabu chake juu ya bia kikatoka mwaka 1876. Jambo kubwa alilolileta ni kutenganisha vitu viwili ambavyo sinia lilivichanganya: hewa, ambayo hamira inaitaka, na vumbi lililo ndani ya hewa, ambalo huiharibu kazi yake.

Baada yake mambo yalikwenda haraka. Carl Linde alitengeneza mashine ya ubaridi katika miaka ya 1870, ikafungwa kwanza katika kiwanda cha Spaten mjini Munich, na bia ya baridi ikaacha kungoja barafu ya majira. Mwaka 1923 Richard Seligman, Mwingereza aliyekuwa akishughulika na maziwa, aliunda kipoza cha mabamba: mabamba membamba ya chuma yaliyobanwa pamoja, maji ya moto yakipita upande mmoja na ya baridi upande wa pili, kwa mwelekeo wa kupishana. Maji ya kimea huingia yakiwa karibu na kuchemka na kutoka, baada ya muda mfupi sana ndani ya mabamba, yakiwa tayari kwa hamira. Na yale maji ya baridi hutoka na joto la nyuzi 80 hivi, yakahifadhiwa kwa mpiko wa kesho. Hasara ya moto imepunguzwa, hatari ya vijidudu imefungiwa nje. Lakini kipoza hiki kimefungwa kila upande, na maji hayapati hewa yoyote njiani. Kwa hiyo ikabidi hewa iliyochujwa, au oksijeni ya mtungi, ipulizwe ndani ya bomba upande wa pili. Kila kipande cha sinia la kale kilipata mtambo wake, na mafundi wa kizazi kilichofuata wakaikuta mitambo mitatu bila kuliona sinia.

Swali la joto lina uzito wa pekee katika nchi zetu. Kipoza hakiwezi kushusha maji ya kimea chini ya joto la maji yanayokipoza. Kama bomba linatoa maji ya nyuzi 27, kama ilivyo kawaida Dar es Salaam, basi maji ya kimea yatakwama juu ya nyuzi 27 hata mabamba yaongezwe mara kumi, palepale ambapo bakteria hufurahia na oksijeni hupungua. Anayetaka bia ya baridi, inayochachushwa kwa nyuzi 10 au 12, hana budi kuwa na hatua ya pili ya maji yaliyopozwa kwa mashine au kwa barafu. Nairobi maji ni baridi zaidi, lakini urefu wa mji kutoka usawa wa bahari, mita 1,700 hivi, unadai ushuru wa namna nyingine. Shinikizo la hewa kule ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano, na oksijeni inayoyeyuka kutoka kwenye hewa hupungua kwa kiasi hicho hicho. Aidha sufuria huchemka kwa nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo ile harufu ya mahindi ya kuchemsha, itokayo kwenye kemikali ya kimea kinachopashwa moto, hufukuzwa polepole zaidi na inataka muda mrefu wa kuchemsha, kisha upozaji wa haraka ili isijitengeneze upya. Kitabu kilichoandikwa Ujerumani hakitalitaja hili, kwa kuwa kule halimsumbui mtu.

Tumefika kwenye hewa yenyewe, na hapa kuna dhana moja inayopaswa kuondolewa. Wengi huamini kwamba hewa hutiwa ili hamira ipumue. Penye sukari nyingi kiasi cha maji ya kimea, hamira ya bia haipumui kwa kiasi cha maana hata ikizungukwa na oksijeni, huchachusha tu. Tabia hiyo hupewa jina la mwanasayansi Crabtree, aliyeeleza kitu kinachofanana nayo katika seli za uvimbe mwaka 1929. Oksijeni hutumika kujenga ule utando wa seli. Ndiyo maana kiasi chake ni kidogo na muda wake ni mfupi: hamira huimaliza yote ndani ya saa chache, na baada ya hapo oksijeni yoyote itakayoingia ni adui. Katika chupa au kopo viwanda hupigania kuishusha chini ya miligramu 0.1 kwa lita, kwa kuwa ikizidi hapo bia huchakaa na kunuka boksi la karatasi. Kitu kilekile kinachotakiwa kwa miligramu 8 leo mchana kinahesabiwa kwa sehemu za mia za miligramu wiki tatu baadaye.

Ushahidi ninaouona kuwa na nguvu kuliko wote ulitoka kiwanda cha New Belgium huko Colorado. Grady Hull wa kiwanda hicho alijiuliza: kama oksijeni hutiwa ili hamira ijitengenezee mafuta yasiyoshiba, kwa nini isipewe mafuta yenyewe? Akatia mafuta ya zeituni, kwa kiasi kidogo mno, kwenye hamira iliyokuwa ghalani, kisha akaichachushia maji ya kimea yasiyotiwa hewa. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2008 yalionyesha kwamba uchachushaji ulikamilika, japo ulichelewa kidogo, na bia ilikaa vizuri ghalani. Sidai kwamba kila mtu aende dukani kununua zeituni; viwanda vingi havikuifuata njia hiyo. Ninachosema ni kwamba jaribio hilo limeonyesha haja iliyo chini ya desturi. Hamira kavu ya pakiti hutoa ushahidi wa aina hiyo hiyo: kwa kuwa watengenezaji wake huikuza kwa hewa nyingi na sukari kidogo kidogo, huja na akiba ya steroli mwilini, na mara ya kwanza inaweza kufanya kazi bila kutiwa hewa kabisa. Ikivunwa na kutumiwa mara ya pili, akiba imekwisha na hewa inadaiwa.

Najua kuna watakaonipinga kwa mifano. Wa kwanza watataja bia ya lambiki ya Brussels. Kiwanda cha Cantillon, kilichoanzishwa mwaka 1900, bado kinamwaga maji ya moto kwenye sinia la shaba darini, kinayaacha usiku mzima, na hakitii hamira yoyote. Hewa ya jiji na mbao za mapipa huileta. Bia hiyo ni ya heshima kubwa. Kweli, lakini tazama inachotozwa. Hupikwa takribani kuanzia Oktoba hadi Aprili tu, kwa kuwa usiku wa majira mengine hauna baridi ya kutosha. Huchachuka kwa mwaka mmoja hadi mitatu, vijidudu vikipokezana zamu mpaka vile vibaya vife kwa asidi na pombe. Haja ya kupoza kwa haraka imelipwa kwa majira na kwa miaka. Wa pili watataja wapikaji wa nyumbani wa Australia, ambao kwa kuhofia kupoteza maji humimina maji ya kimea yakiwa bado ya moto kwenye dumu la plastiki, hulifunga, na kuliacha lipoe lenyewe hadi kesho. Bia yao hunyweka. Sababu ni kwamba moto wenyewe huua vijidudu vya dumu, na kifuniko huzuia vingine. Kisha wanapomimina kwenye chombo cha kuchachushia, maji yakiwa yamepoa, hewa huingia kwa kumwagika kwake. Gharama yao ni uchungu wa hopsi, unaoendelea kukolea kadiri dumu linavyobaki na joto, na lazima wauhesabu upya.

Pingamizi la tatu ni la karibu nasi na ndilo ninaloliheshimu zaidi. Mbege ya Uchagani, ya ndizi na ulezi, haikutuamishwa kamwe. Busaa ya magharibi mwa Kenya ni nzito kwa unga. Pombe hizi zimelisha arusi, mazishi na vikao vya wazee kwa vizazi visivyohesabika, na hakuna aliyelalamika kwamba hazipitishi mwanga. Anayeziita duni kwa sababu hiyo amekosea kabisa. Kimea na unga vinavyoelea ndani yake hubeba mafuta ambayo bia angavu imenyang'anywa, kwa hiyo hamira yake haidai hewa nyingi. Asidi inayotokana na kuchacha kwake huilinda dhidi ya vijidudu vingine. Na kwa kuwa hunywewa ndani ya siku chache, kuchakaa hakupati nafasi ya kuifikia. Hazikai na hazisafiri mbali, na hazikukusudiwa hivyo. Bia angavu ilitokana na haja ya kuwekwa chupani kwa miezi na kuvushwa bahari. Ni haja mbili tofauti, kila moja imetimizwa kwa njia yake, na elimu ya moja haiifuti ya nyingine. Kuhusu bia zenye ukungu zilizovuma kutoka Vermont, Marekani, sina mengi: ukungu wao hutokana hasa na protini na hopsi zinazotiwa baadaye, na waziundao kwa kawaida bado huyatenga mashapo ya sufuria mapema.

Pingamizi zote hizi, zikichunguzwa, zinasimama upande wa hoja. Hakuna kati yao iliyofuta haja. Kila moja imebadilisha njia ya kuitimiza, na imekubali gharama yake. Kosa liko kwa yule anayechukua nusu: anayetuamisha maji hadi yang'ae kisha akayamimina taratibu kwenye pipa lililofungwa, bila hewa, na juu yake akatia hamira iliyokwisha tumika mara tatu. Ameyanyima mafuta, ameyanyima oksijeni, na ameleta kiumbe asiye na akiba. Siku ya nne bia itasimama ikiwa bado tamu, naye atailaumu hamira.

Kwa anayeanza kiwanda kidogo Arusha, Nairobi au Dar es Salaam, ambaye fedha zake zinatosha mtambo mmoja mzuri, hukumu yangu ni kwamba anunue cha kupozea, pamoja na chanzo cha maji baridi cha kukilisha. Mashapo anaweza kuyakusanya kwa kuyazungusha maji kwenye sufuria ileile kwa mwiko safi na kungoja dakika 20. Hewa anaweza kuipata kwa pampu ndogo yenye chujio, au kwa kumimina maji yaliyopoa kutoka juu yakatoa povu. Lakini hakuna mkono unaoweza kuteremsha lita 500 kutoka nyuzi 100 hadi 18 kabla vijidudu havijawahi. Na akishakinunua, akioshe kwa maji ya moto na dawa ya kuoshea mara tu kazi inapokwisha, siku hiyo hiyo, kwa kuwa mashapo yakikaukia kati ya mabamba hayatoki kwa maji matupu, na bia ya wiki ijayo itapita juu yake.